Haki za madini za familia katika Kaunti ya Grady, Oklahoma: nitajuaje kama kisima kinachochimbwa jirani kinatuhusu?

Mwanatanga wa Texas

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa wale mnaoishi Marekani na ambao mmewahi kushughulika na mambo ya mafuta na gesi.

Marehemu mume wangu alikuwa mwenyeji wa Oklahoma. Katika makaratasi aliyoacha kuna hati ya mwaka 1948 inayoonyesha kuwa bibi yake mzaa baba aliuza shamba la ekari 160 katika Kaunti ya Grady, ila akajibakizia nusu ya haki za madini, yakiwemo mafuta na gesi, yaliyo chini ya shamba hilo. Ardhi yenyewe imeshapita mikononi mwa watu wengi tangu wakati huo, na sisi hatujawahi hata kuikanyaga. Bibi aliacha watoto wanne, mmoja wao akiwa baba mkwe wangu, naye baba mkwe aliacha watoto wawili, yaani mume wangu na dada yake. Hakuna mirathi iliyofunguliwa Oklahoma kwa yeyote kati yao.

Hivi karibuni nimeletewa barua na kampuni mbili nisizozijua. Moja inataka kununua haki zetu moja kwa moja, na imeambatanisha kitu kinachofanana na hundi. Nyingine inataka kukodishiwa kwa miaka mitatu. Wifi yangu, aliyepita huko akielekea Lawton, anasema ameona mtambo wa kuchimbia umesimama umbali wa kama maili mbili kusini mwa lile shamba.

Ninachoomba kujua ni kama kisima hicho kinatuhusu, nani mwenye wajibu wa kunieleza, na ipi kati ya hizo barua niisaini, kama ipo ya kusaini. Namba za taunishipu nimezificha kwa makusudi. Itoshe kusema kwamba shamba ni robo ya kaskazini-mashariki ya seksheni ya 14.

Karani wa Hati

Dada, pole kwa kufiwa. Kazi yangu ni kuchambua hati za umiliki wa madini hapa Oklahoma. Mimi si wakili, kwa hiyo haya yachukue kama maelezo ya mtu anayezijua ofisi na makabati yake, na lile la kisheria ulimalizie kwa wakili mwenye leseni ya jimbo hili. Kwa sasa usisaini chochote, na hicho kinachofanana na hundi usikipeleke benki.

Nianze na mtambo alioukuta wifi yako, maana hapo ndipo wengi hupotea. Zamani kisima kilishuka wima, na umbali ulikuwa na maana. Visima vinavyochimbwa Grady siku hizi hushuka mara nyingi zaidi ya futi 10,000, kisha hupinda na kwenda mlalo ndani ya tabaka la mwamba, kama lile liitwalo Woodford, kwa maili moja, mbili, na pengine zaidi. Mtambo unaonekana sehemu moja, lakini mafuta yanatoka sehemu nyingine kabisa.

Ardhi ya jimbo hili imepimwa kwa miraba. Taunishipu moja ni maili 6 kwa 6, nayo imegawanywa katika seksheni 36, kila moja maili moja ya mraba au ekari 640. Namba huanzia kona ya kaskazini-mashariki, huenda magharibi hadi 6, kisha 7 huwa chini ya 6 na hesabu hurudi mashariki, hivyo hivyo mpaka 36. Ukiichora kwenye karatasi utaona kwamba kusini mwa seksheni yako ya 14 kuna ya 23, na kusini mwa hiyo kuna ya 26. Mtambo ulio maili mbili kusini upo karibu na mpaka wa 26 na 23. Hapo ndipo kampuni ingeusimamisha kama inataka kutoboa kuelekea kaskazini chini ya 23 na 14. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo, ila nisingeipuuza picha hiyo.

Kinachoamua kama unalipwa ni mipaka ya eneo la uzalishaji, ambalo sisi tulio kazini huliita yuniti. Mipaka hiyo huwekwa na Oklahoma Corporation Commission, chombo kilichoundwa na katiba ya jimbo mwaka 1907, ambacho kuanzia hapa nitakiita Tume. Kwa visima vya mlalo yuniti mara nyingi ni seksheni nzima. Kisima kikitoa mafuta ndani ya yuniti, kila mwenye madini humo hulipwa kwa uwiano wa ekari zake, hata kama bomba la kisima limepita upande wa magharibi na halikugusa robo yako. Kwa upande wa pili, kisima kinaweza kuwa ng'ambo tu ya barabara inayopita kwenye mpaka wa seksheni, ukausikia mngurumo wake usiku kucha, na usiambulie senti kwa sababu yuniti yake ni nyingine. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama seksheni ya 14 imo ndani ya yuniti ya kisima hicho.

Jibu lipo, na ni bure. Tume ina ramani ya visima mtandaoni. Tafuta taunishipu yako, kisha fungua kila alama iliyo katika seksheni za 14, 23 na 26, pamoja na ya 11 iliyo kaskazini yako. Karatasi unayoitaka ni kibali cha kuchimba, ambacho hapa hujulikana kama Fomu 1000. Usiishie kwenye mstari unaotaja mahali mdomo wa kisima ulipo. Shuka mpaka panapotajwa mwisho wa kisima chini ya ardhi, na namba za amri za Tume zinazokihusu. Kama mwisho wa kisima uko katika seksheni ya 14, umeshapata nusu ya jibu lako.

Nusu ya pili ipo katika kesi za Tume, ambazo namba zake huanza na herufi CD. Kabla ya kuchimba, kampuni huomba mambo kadhaa: kuwekewa yuniti, kuruhusiwa kutoboa kisima kimoja kupitia yuniti mbili au zaidi, kusogea karibu na mpaka kuliko kanuni inavyoruhusu, na kuwaunganisha kwa lazima wenye madini ambao haijaelewana nao. Lipo pia ombi la kuongeza visima katika yuniti ambayo tayari inacho kimoja. Ukilikuta hilo la mwisho, ujue kampuni imeshapenda ilichokikuta chini.

Kuhusu wajibu wa kukueleza, sheria inaitaka kampuni iwajulishe kwa barua wenye madini inaowajua anwani zao, na wasiojulikana iwatangazie gazetini. Mmiliki anayeonekana kwenye kumbukumbu za kaunti ni bibi wa marehemu mumeo, kwa anwani ya mwaka 1948. Barua ya kisheria haiwezi kukufikia kwa njia hiyo. Wale waliokuandikia kutaka kununua wamekupata kwa kufuatilia matangazo ya vifo na kumbukumbu za ukoo, kazi inayogharimu fedha na muda. Mtu hafanyi kazi hiyo kwa ekari ambazo hazina jambo, na kwa maoni yangu barua yao ndiyo taarifa ya kwanza uliyoipata kuhusu kisima hicho.

Mpwa wa Williston

Naomba niongeze kidogo kwa walio North Dakota, kwa sababu taratibu hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Huku katika tabaka la Bakken yuniti ya kawaida ni ekari 1,280, yaani seksheni mbili, na taarifa zinapatikana katika idara ya mafuta na gesi ya jimbo. Tofauti kubwa ni kwamba kampuni inaweza kuomba kisima kiwe cha siri kwa miezi 6, na katika muda huo utaona kipo kwenye orodha lakini takwimu zake za uzalishaji hutaziona. Ukimya huo usikufanye ukadhani kisima ni kikavu.

Jambo lingine ni kwamba huku haki za madini zisizotumika kwa miaka 20 zinaweza kudaiwa na mwenye ardhi ya juu, iwapo mwenye madini hajasajili tamko la kuendelea kuzidai. Louisiana muda wenyewe ni miaka 10 tu. Sijui Oklahoma mmekaaje.

Karani wa Hati

Oklahoma hazipotei kwa kutotumika, kwa hiyo hati ya 1948 bado ina nguvu. Umenikumbusha pia niseme kwamba maelezo yangu hayahusu Kaunti ya Osage. Huko madini yote ya kaunti yalihifadhiwa kwa ajili ya Taifa la Osage kwa sheria ya mwaka 1906, na mapato yake yaligawanywa kwa hisa 2,229 za watu walioandikishwa wakati huo. Mwenye shamba Osage hana madini ya kudai, hata kisima kikichimbwa uani kwake.

Msomaji wa Lodwar

Mimi nasoma nikiwa Turkana, Kenya, na nakiri uzi huu unanishangaza. Huku tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, hakuna mwananchi aliyewahi kuuliza kama ekari zake zimo, kwa sababu Katiba ya 2010 imeyafanya madini na mafuta kuwa mali ya umma. Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali, na jamii ya eneo asilimia 5. Mtu binafsi hahesabiwi. Je, huko mwenye ardhi ya juu hana kauli kabisa wakati bibi wa watu aliyefariki zamani bado ana haki chini ya shamba lake?

Karani wa Hati

Kauli anayo, lakini ni ndogo. Sheria za hapa huzipa haki za madini nguvu juu ya haki za ardhi, kwa hiyo mwenye shamba hawezi kuzuia mtambo usiingie. Tangu 1982 Oklahoma ina sheria inayoilazimu kampuni kujadiliana naye fidia ya uharibifu kabla ya kuanza kuchimba, yaani mazao, barabara, na eneo litakalofunikwa kwa kokoto. Fedha hiyo ni yake, na mwenye madini haimhusu. Ndiyo maana unaweza kumkuta mkulima mwenye mashine nne za kuvutia mafuta shambani mwake ambaye hajawahi kupokea mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwenye madini.

Mwanatanga wa Texas

Karani, Mungu akubariki. Nimeketi na kompyuta na nimefuata maelekezo yako. Kibali kipo. Mdomo wa kisima uko seksheni ya 26, sehemu ya juu kabisa, na mwisho wake uko seksheni ya 14. Nimetafuta pia upande wa kesi, nikakuta ombi la kuunganisha kwa lazima wenye madini wa seksheni ya 14. Nyuma ya ombi kuna orodha ndefu ya majina, na jina la bibi limo, likifuatiwa na maneno kwamba huenda amefariki na warithi wake hawajulikani. Nilipoliona nilisisimka mwili. Amri bado haijatolewa.

Sasa naomba unifafanulie kuunganishwa kwa lazima kunamaanisha nini, na kama tumechelewa. Pia naomba kujua tunazungumzia fedha kiasi gani, kwa sababu wifi yangu ameshaanza kufikiria kuacha kazi.

Karani wa Hati

Hamjachelewa, ila wifi asiache kazi.

Kuunganishwa kwa lazima ni utaratibu wa kuzuia mwenye ekari chache asikwamishe kisima cha wengine. Tume hutoa amri inayompa kila asiye na mkataba chaguo. La kwanza ni kushiriki, yaani kulipa sehemu yako ya gharama za kisima na kupokea sehemu yako ya mapato kama mshirika. Mengine ni ya kuchukua fedha taslimu kwa kila ekari pamoja na mrabaha wa kiwango fulani, na hupangwa kwa mizani: fedha ikiwa kubwa mrabaha huwa mdogo, kwa mfano sehemu moja ya nane, fedha ikipungua mrabaha hupanda hadi tatu ya kumi na sita, moja ya tano, na pengine robo bila fedha yoyote mkononi. Muda wa kuchagua kwa kawaida ni siku 20 tangu tarehe ya amri. Hazihesabiwi kuanzia siku uliyoipokea, kwa hiyo anayesubiri posta anaweza kukuta zimebaki chache. Asiyejibu huhesabiwa amechukua chaguo ambalo amri yenyewe imelitaja, na mara nyingi huwa ni fedha taslimu na mrabaha wa chini.

Sasa hesabu. Ekari 160, nusu yake ni 80. Watoto wanne, kila mmoja 20. Baba mkwe wako aliacha wawili, kwa hiyo upande wa mumeo ni ekari 10 na wa wifi yako ni 10. Ekari 10 kugawanya kwa 640 za yuniti, mara mrabaha wa tatu ya kumi na sita, unapata 0.0029296875. Kisima hiki kinapita seksheni mbili, na mapato hugawanywa kati ya yuniti kwa kadiri urefu wa sehemu ya mlalo ulivyo katika kila moja. Tukichukulia nusu kwa nusu, fungu lenu katika kisima kizima ni 0.00146484.

Tuseme, kwa mfano tu, kisima kinatoa mapipa 15,000 kwa mwezi na pipa linauzwa dola 70. Mauzo ni dola 1,050,000, na fungu lenu ni kama dola 1,538 kwa mwezi kabla ya kodi ya uzalishaji ya jimbo, ambayo ni asilimia 5 kwa miezi 36 ya kwanza na asilimia 7 baadaye. Kwa mrabaha wa robo mngepata kama dola 2,050. Ni fedha nzuri, lakini haidumu, kwa kuwa visima vya miamba ya shale huanza kwa kishindo na mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ndani ya mwaka wa kwanza. Nimewaona watu wakikopa gari kwa kutegemea hundi ya mwezi wa kwanza, na hundi ya mwezi wa kumi na tano haikulipa hata bima yake.

Kuhusu kushiriki, kisima cha dola milioni 10 kingewataka ninyi mchangie dola 78,125 kwa hizo ekari 10, na kikiharibika fedha imekwenda. Familia ya kawaida isijaribu.

Mzee wa Barazani

Mimi naona mnamchosha dada wa watu. Ekari 10, mirathi tatu hazijafunguliwa, wakili anataka malipo yake, na bei ya mafuta inaweza kuanguka kesho kama ilivyofanya Aprili 2020, ilipouzwa chini ya sifuri. Auze, achukue fedha yake, asomeshe watoto. Si kila mwenye kuuza ni mjinga.

Karani wa Hati

Mzee, kuuza si ujinga, na kwa baadhi ya familia ndiko bora. Ninachopinga ni kuuza leo, kwa bei iliyopangwa na mtu aliyekwisha kuona kibali cha kuchimba, wakati muuzaji amekijua juzi tu. Ombi la kuunganisha likishafika Tume, ekari hizo huwa na wanunuzi zaidi ya mmoja. Akitaka kuuza, awape wote nafasi ya kushindana, nao wajue kwamba anakijua kisima hicho.

Dada, zile barua zisome hivi. Tazama kichwa cha karatasi unayotakiwa kusaini. Kikisema Mineral Deed, huo ni uuzaji wa moja kwa moja, hata kama barua iliyo juu yake inazungumza kwa lugha ya kukodi. Tafuta kama kuna maneno yanayohamisha haki zako zote katika kaunti nzima, si za seksheni ya 14 peke yake. Sentensi hiyo huwekwa karibu na mwisho, na kwa maandishi hayohayo madogo inaweza kubeba ekari ambazo wewe mwenyewe hujui kama unazo. Kile kinachofanana na hundi mara nyingi ni ahadi ya kulipa baada ya siku kadhaa za kazi za benki, kwa sharti kwamba mnunuzi ameridhika na hati. Katika muda huo wewe umeshafungwa na sahihi yako, naye bado yuko huru kughairi.

Ile ya kukodi ina heshima zaidi, lakini isisainiwe ilivyo. Mrabaha wa moja ya nane ukatae. Miaka mitatu ni ya kawaida. Angalia tu isiwe na kipengele kinachoipa kampuni haki ya kuongeza miwili kwa malipo yaleyale. Kipengele ninachokitilia mkazo kuliko vyote ni makato. Gesi ikitoka kisimani hukusanywa, hukandamizwa, hukaushwa na kusafirishwa, na kampuni nyingi hupenda kuzigawa gharama hizo kwa wenye mrabaha. Nimewahi kukagua karatasi ya malipo ya familia moja ambayo mstari wa gesi ulikuwa na thamani ya dola 212 na makato ya dola 190, huku mstari wa mafuta juu yake ukiwa safi. Mkataba wao haukuwa na neno lolote juu ya makato. Omba kiandikwe kwamba mrabaha utalipwa bila kukatwa gharama yoyote baada ya mafuta na gesi kutoka kisimani, isipokuwa kodi. Omba pia kwamba muda wa mkataba ukiisha, tabaka zilizo chini ya kina kilichochimbwa zirudi kwenu.

Kabla ya yote hayo, kuna jambo la kukagua katika ofisi ya karani wa kaunti mjini Chickasha, na unaweza kulifanya mtandaoni. Angalia kama bibi au mmoja wa watoto wake aliwahi kukodisha madini hayo, na kama kuna kisima cha zamani katika seksheni ya 14 ambacho bado kinatoa hata mapipa machache. Mkataba wa mwaka 1975 unaweza kuwa hai mpaka leo kwa sababu ya kisima kimoja kinachosuasua, na kama ni hivyo, hakuna cha kukodisha upya. Mrabaha wenu ni ule ulioandikwa wakati huo. Kama kisima hicho kipo, kuna uwezekano kwamba fedha ya bibi imekuwa ikilimbikizwa mahali. Tafuta jina lake, kwa tahajia zake zote, katika orodha ya mali zisizodaiwa ya Mweka Hazina wa Jimbo. Ni bure, na usimlipe mtu asilimia ili akutafutie.

Mwanatanga wa Texas

Hapo kwenye tahajia umenena. Jina la ubini wa bibi limeandikwa kwa namna mbili katika hati hiyohiyo moja. Nimeliingiza kwa tahajia ya pili na limetokea, pamoja na neno mrabaha, ingawa kiasi hakikutajwa. Kisima cha zamani sikukiona katika seksheni yetu; kilichopo kimeandikwa kwamba kilizibwa mwaka 1986.

Limebaki suala la mirathi. Mume wangu alifia Texas. Je, mirathi ya Texas inatosha? Na je, binti yetu mkubwa, ambaye sasa anaishi na kufanya kazi Dar es Salaam na si raia wa Marekani, ataweza kurithi?

Karani wa Hati

Kisima kilizibwa 1986, kwa hiyo kama hakuna kingine kilicho hai katika yuniti, mkataba wowote wa zamani ulishakufa na mko huru. Hizo fedha za jina la bibi zinaweza kuwa za miaka ile.

Mirathi ya Texas haitoshi yenyewe, kwa sababu haki za madini ni mali isiyohamishika na hufuata sheria za jimbo zilipo. Itabidi hatua ichukuliwe Oklahoma kwa bibi, kwa baba mkwe na kwa mumeo. Habari njema ni kwamba hapa kuna mirathi ya muhtasari, iliyo fupi na nafuu, kwa mali isiyozidi dola 200,000, au kwa aliyefariki zaidi ya miaka 5 iliyopita, au kwa aliyekuwa akiishi nje ya jimbo alipofariki. Angalau moja ya sifa hizo itawagusa wote watatu. Mwambie wakili mapema kwamba mnataka kuzifungua pamoja, na mgawane gharama na wifi yako na wale binamu wa matawi mengine matatu. Bibi ni wenu wote, na hakuna sababu ya wewe kulipia mirathi yake peke yako. Baadhi ya kampuni hukubali kulipa kwa hati ya kiapo ya urithi iliyosajiliwa Chickasha, lakini hilo ni hiari yao.

Binti anaweza kurithi. Ila kwa mkazi wa nje asiye raia, sheria ya kodi ya shirikisho inamtaka mlipaji azuie asilimia 30 ya mrabaha, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Upo utaratibu wa kuomba mapato yahesabiwe kama ya biashara ili atozwe kwa faida halisi. Mhasibu anayezijua kodi za wageni aulizwe kabla ya hundi ya kwanza. Ninyi mlio Marekani mna nafuu nyingine: mwenye mrabaha huruhusiwa kuondoa asilimia 15 ya mapato kabla ya kodi, kwa kuwa mali yake inapungua kila pipa linapotoka. Wengi hawaidai kwa kutoijua.

Kisima kikianza kuuza mafuta, kampuni ina miezi 6 ya kufanya malipo ya kwanza. Itawaletea kwanza hati ya mgawanyo yenye ile desimali ya fungu lenu. Msiisaini mpaka mmepiga hesabu niliyoionyesha juu na namba zimelingana mpaka tarakimu ya mwisho. Wakichelewesha baada ya umiliki kunyooka, sheria ya jimbo inawadai riba ya asilimia 12 kwa mwaka, nayo huwa hawaileti bila kuulizwa.

Mwanatanga wa Texas

Nimeelewa. Nimeshaongea na wakili mmoja wa Chickasha na amekubali kuzichukua mirathi zote tatu, lakini anasema hazitakamilika kabla amri ya Tume haijatoka. Je, tunaweza kuchagua wakati majina yetu bado hayapo kwenye kumbukumbu?

Karani wa Hati

Mnaweza, na msisubiri amri ndipo mjitambulishe. Andika leo kwa wakili wa kampuni aliyetajwa chini ya ombi, ukitaja namba ya kesi ya CD, seksheni, na jina la bibi kama lilivyo kwenye orodha yao, kisha eleza kwamba wewe na wifi yako ni miongoni mwa warithi. Ambatanisha vyeti vya vifo na mchoro wa ukoo, toa anwani zenu, na omba mtumiwe nakala ya amri siku itakapotolewa. Amri ikitoka, kila mmoja wenu apeleke chaguo lake kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, akisema linahusu fungu lolote atakalothibitika kuwa nalo. Kampuni itaishikilia fedha mpaka mirathi ikamilike, lakini chaguo litakuwa lenu. Wewe unaweza kuchukua robo bila fedha na wifi akachukua fedha, hamlazimiki kufanana. Tumeni kwa barua ya kusainiwa na mpokeaji, na ile kadi ya kijani ya posta yenye sahihi yake ikirudi, ibaneni pamoja na nakala ya barua mliyoituma.